Afya ya kujiunga na Polisi: mwongozo kamili kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Tangazo la ajira za Jeshi la Polisi likitoka, siku za kuomba huwa chache. Kijana wa Tandahimba au Liwale anakimbizana na namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na mtandao unaokatika kila saa, na afya anaiacha mwisho. Akifika kwa daktari anaambiwa ana busha, au damu iko chini, au jicho la kushoto halisomi mistari ya chini. Mengi ya hayo yana tiba. Lakini hayana tiba ya wiki moja. Ndiyo maana nasisitiza uanze kupimwa sasa, tangazo likiwa bado halijatoka, ukiwa na miezi sita mbele yako.

Nimepanga hatua hizi kama ambavyo ningempangia mdogo wangu wa tumbo moja. Tunaanza na yale ambayo hayana gharama na yanaweza kukutoa moja kwa moja, kisha hospitali, kisha mazoezi na siku yenyewe ya usaili.

Vigezo vinavyohusu mwili

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakirudia masharti yaleyale. Mwombaji awe raia wa Tanzania wa kuzaliwa, mwenye umri wa miaka 18 hadi 25 kwa waliomaliza kidato cha nne au cha sita; wenye elimu ya juu zaidi huongezewa miaka. Mwanaume awe na urefu usiopungua futi 5 na inchi 8, mwanamke futi 5 na inchi 4. Awe na afya njema ya mwili na akili iliyothibitishwa na daktari wa Serikali. Asiwe na alama ya kuchorwa mwilini. Asiwe ameoa au kuolewa, wala asiwe na mtoto. Asiwe ametumia dawa za kulevya. Na awe tayari kujigharamia katika hatua zote za usaili.

Kila tangazo jipya lisome lenyewe, kwenye tovuti ya Jeshi ya ajira, ajira.tpf.go.tz. Usitegemee picha inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, maana nyingine ni za miaka iliyopita. Maombi hayalipiwi. Mtu anayekudai hela ili "akupitishe kwenye vipimo" ni tapeli, hata akija na jina la mkubwa gani.

Hatua ya kwanza: pima urefu nyumbani, na upime kwa haki

Naanza hapa kwa sababu ndicho kipimo kisichobembelezeka. Futi 5 na inchi 8 ni sentimita 172.7. Futi 5 na inchi 4 ni sentimita 162.6. Tafuta ukuta ulionyooka na sakafu ya saruji, kwa sababu sakafu ya udongo ina mabonde. Vua viatu na soksi. Kama una rasta au nywele zilizosukwa kwa juu, zifumue, maana kipimo kinabana mpaka kwenye fuvu. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele, usiinue kidevu. Mwenzako achukue kitabu chenye jalada gumu, akiweke juu ya kichwa huku ubavu wake umeshikana na ukuta, apige alama ya penseli chini ya kitabu. Pimeni kwa tepu ya fundi seremala kuanzia sakafuni. Rudieni mara tatu.

Pima asubuhi, halafu upime tena jioni. Mtu hupungua kama sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa sababu gegedu zilizo katikati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa mwili. Kama asubuhi una 173 na jioni 172, wewe uko mpakani, na usiku wa kuamkia usaili unapaswa kulala vizuri badala ya kukesha kwenye basi.

Kama una 168, mdogo wangu, nakueleza ukweli kwa sababu nakujali: mifupa ikishafunga ukuaji, hakuna kidonge, mafuta wala kuning'inia kwenye mwembe kunakoongeza urefu. Dawa za kurefusha zinazouzwa mitandaoni zitakula hela ya korosho bure. Hiyo nauli iweke kwenye ajira nyingine ambayo haipimi futi.

Hatua ya pili: kagua ngozi yako

Tatuu ya wino, hata herufi moja, inaingia kwenye katazo. Wanaojaribu kuifuta kwa maji ya betri, pasi au kemikali huishia na kovu kubwa kuliko tatuu yenyewe, na kovu hilo linaulizwa maswali. Kwetu huku kuna jambo lingine la kuangalia: mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi na kuacha alama nyeusi. Kijana anayejiandika jina la mchumba mkononi kwa mafuta hayo anajichora kama aliyekwenda kwa mchora tatuu. Waambieni wadogo zenu walioko shuleni mapema.

Chale ni suala la kueleza kwa utulivu. Bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nyusoni kwa urembo na kwa ukoo, na hata leo wapo vijana waliochanjwa chale ndogo kifuani au tumboni wakiwa watoto, kwa ajili ya dawa. Ukiulizwa, sema ni chale za dawa, ulichanjwa utotoni. Usizikwangue wala kuzipaka kitu. Makovu ya ajali na ya upasuaji nayo yaeleze vivyo hivyo, ukiwa na karatasi za hospitali kama unazo.

Hatua ya tatu: nenda hospitali

Vipimo vya awali kama malaria, presha na VVU unaweza kuvipata kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu. Kwa uchunguzi kamili nenda hospitali. Mtwara mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo. Lindi mjini ipo Sokoine. Masasi kuna Mkomaindo, na Newala na Nachingwea nao wana hospitali za wilaya. Ndanda na Nyangao ni hospitali za misheni zinazoaminika sana kwa upasuaji, na kutibiwa huko ni sawa kabisa. Ila fomu ya mwisho, kama tangazo linasema daktari wa Serikali, ipeleke hospitali ya Serikali ikagongwe muhuri huko.

Fika mapema asubuhi, bila kula tangu usiku, ili sukari ipimwe ukiwa na njaa. Mwambie daktari waziwazi: "Nataka uchunguzi wa afya, najiandaa kuomba Polisi." Anajua pa kuanzia. Yafuatayo ndiyo ninayotaka uyaulizie kwa jina, na nimekaa zaidi kwenye yale yanayosumbua vijana wa kusini.

*Damu.* Kiwango kinachochukuliwa kuwa cha kawaida ni kuanzia gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume na 12 kwa mwanamke ambaye si mjamzito. Huku kwetu malaria ya kurudiarudia na minyoo ya safura hushusha damu polepole, mpaka mtu anauzoea uchovu na kudhani ndivyo alivyoumbwa. Ukikutwa na damu pungufu, kitafutwe chanzo kwanza, kisha upewe dawa za minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Damu inapanda wiki kwa wiki, na vidonge huendelea kwa miezi kadhaa hata baada ya kujisikia vizuri. Kula kisamvu, mchicha, kunde, mbaazi na dagaa, na uweke limau au embe kwenye mlo huo. Chai ya rangi iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Uliza pia kipimo cha selimundu (sikoseli) kama hujawahi kupima. Kubeba kinasaba kimoja si ugonjwa, lakini ni vizuri ujue kabla ya kuanza mazoezi makali, maana mwili wako unahitaji maji zaidi na usilazimishwe kwenye jua kali.

*Malaria.* Kipimo cha haraka kile cha kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, kwa kuwa kinanasa mabaki ya vimelea. Kwa hiyo kama ulimeza dawa mseto majuzi, tunza cheti cha matibabu, na omba upimwe kwa darubini.

*Mkojo na kichocho.* Waliokulia kuoga na kuvua kwenye mabwawa, mito na madimbwi wasiruke aya hii. Kichocho cha kibofu kinaweza kukaa mwilini miaka bila maumivu makubwa, na dalili yake ni damu mwishoni mwa mkojo. Huku Pwani ya kusini wapo wavulana wanaodhani damu hiyo ni dalili ya kubalehe. Si kweli, ni ugonjwa. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, basi mkojo wa muda huo ndio wa kupeleka maabara, ukiwemo ule wa mwisho kabisa wa kumalizia. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli, vinavyohesabiwa kwa uzito wako na kumezwa kwa siku moja. Rudi kupima baada ya wiki kadhaa. Na usirudi kuoga kwenye bwawa lilelile.

*Mabusha na ngiri.* Hapa naomba wanaume wenzangu tuongee bila kuoneana aibu. Lindi na Mtwara ni kati ya mikoa iliyoteswa sana na matende na mabusha, na mbu ndiye anayeeneza vimelea vyake, wala si maji ya madafu wala laana ya mtu. Kijana anaona korodani moja imeanza kujaa akiwa na miaka 19, anavaa suruali pana, ananyamaza. Kwenye uchunguzi wa afya atavua nguo, daktari atashika na kumwambia akohoe. Hakuna pa kuficha.

Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko wa korodani. Ngiri, ambayo wazee huita mshipa, ni utumbo unaoshuka kupitia uwazi wa kinena. Uvimbe hutokea ukikohoa au kubeba gunia, na ukilala unarudi ndani. Yote mawili hutibiwa kwa upasuaji ambao hospitali zetu za mikoa wanaufanya mara kwa mara, na kwa mabusha huwa zinapita kampeni za upasuaji bila malipo, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Baada ya upasuaji panga kukaa kama wiki sita bila kukimbia wala kubeba kizito. Hesabu mwenyewe: ukisubiri tangazo ndipo ufanyiwe, utafika kwenye usaili mshono bado mbichi. Ngiri ikivimba ghafla, ikauma na kugoma kurudi ndani, hiyo ni dharura, nenda hospitali usiku huohuo. Na zile dawa za kunywea za kienyeji zinazoahidi kuondoa busha, achana nazo.

Wanapopita kugawa kingatiba ya matende kijijini, meza. Ni vidonge vichache vinavyosaidia kuzuia matende na mabusha.

*Macho.* Utasimamishwa mita 6 kutoka kwenye chati yenye herufi zinazopungua ukubwa, ufunike jicho moja usome, kisha jingine. Wengi hawajui kuwa jicho moja ni dhaifu kwa sababu lile zima limekuwa likibeba mzigo. Jipime leo: funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, soma namba ya gari lililo mbali, kisha badilisha. Ukiona tofauti, nenda kitengo cha macho. Macho mekundu yanayowasha kila msimu na kope zinazojikunja kuelekea ndani, ambazo ni dalili ya trakoma, vyote vitibiwe mapema.

Kuna na kipimo cha rangi, kurasa zenye nukta za rangi ambamo namba imefichwa. Upofu wa rangi hurithiwa, huwapata zaidi wanaume, na hauna dawa. Ni bora uujue sasa kuliko kuujua mbele ya jopo.

*Kifua na salfa.* Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Dawa ni bure na kwa kawaida huchukua miezi sita. Aliyewahi kuugua na kupona atembee na kadi yake ya matibabu, kwa kuwa picha ya kifua inaweza kubaki na kovu. Wanaopulizia mikorosho salfa wajue kuwa vumbi lile linawasha macho na kubana njia za hewa. Vaa barakoa nzuri na miwani, simama upande upepo unakotoka, na jaribu kutokupulizia wiki za karibu na usaili. Mwenye pumu asiifiche, kwa sababu kwenye kwata na mbio haifichiki na inaweza kuua.

*Presha.* Chini ya 140 kwa 90 ndipo unapopaswa kuwa, na karibu na 120 kwa 80 ni vizuri zaidi. Hofu peke yake inaweza kuipandisha. Kaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, miguu chini, na nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usiguse vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo.

*VVU na homa ya ini.* Pima kwa ajili yako mwenyewe kabla ya kupima kwa ajili ya ajira. Majibu ni siri yako na daktari, na dawa za VVU zinatolewa bure. Ukikutwa huna homa ya ini aina ya B, omba chanjo. Ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza.

*Miguu, masikio na meno.* Loweka nyayo uzikanyagishe kwenye saruji kavu, au nenda ufukweni Shangani ukanyage mchanga mbichi. Alama ikitoka imejaa yote bila upinde wa ndani, una nyayo bapa, muulize daktari, hasa kama zinauma ukikimbia. Masikio yanayotoa usaha na meno yaliyooza yatibiwe, ni mambo madogo yanayoisha.

*Akili.* Kama umewahi kuanguka kifafa au kutibiwa ugonjwa wa akili, mweleze daktari ukweli. Kazi hii inahusu silaha na maisha ya watu. Na bangi kwa mvutaji wa kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha. Uraka na nipa, zile pombe za mabibo, pia viache, vinaharibu presha na ini.

Kwa wadada: tangazo linakataza kuwa na mtoto, na kipimo cha mimba kitarajie. Kama hedhi yako ni nzito ya kupitiliza, itaje, maana ni chanzo kikubwa cha kupungukiwa damu.

Hatua ya nne: uzito na mazoezi

Uzito hupimwa ukilinganishwa na urefu. Mwanaume wa sentimita 172.7 yuko sawa akiwa kati ya kilo 55 na 74 hivi. Mwanamke wa 162.6 kati ya kilo 49 na 66. Ukiwa chini, ongeza mlo wa tatu wenye kunde, karanga, samaki. Ukiwa juu, punguza mandazi na soda, na usijinyime kula wiki ya mwisho.

Jipe wiki 12. Tatu za kwanza tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki. Kisha changanya, dakika mbili mbio na dakika mbili kutembea, ukiongeza mbio kila wiki mpaka ukimbie kilomita 5 bila kusimama. Ongeza pushapu na zoezi la tumbo siku tatu kwa wiki, kidogokidogo. Kimbia saa 12 alfajiri, kabla joto la Pwani halijapanda. Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, Ilulu mjini Lindi, au uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwenu, vyote vinafaa. Walioko Newala wasishuke mbio ile miteremko ya kuelekea bonde la Ruvuma wakiwa bado wapya, magoti yataumia. Ukihisi kizunguzungu, maumivu ya kifua au moyo kwenda ovyo, simama, na umwone daktari kabla ya kuendelea.

Siku mbili kabla ya vipimo vya mkojo pumzika kabisa. Mazoezi makali yanaweza kutoa damu au protini kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya, na utaanza kufuatiliwa figo bila sababu.

Hatua ya tano: fomu na siku ya usaili

Cheti cha afya kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye NIDA, tarehe, jina na sahihi ya daktari, na muhuri wa hospitali unaosomeka. Usinunue cheti. Jeshi lina madaktari wake na hospitali yake kuu pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na mwili wako unaweza kukaguliwa upya wakati wowote. Aliyepona kwa kweli hana cha kuogopa.

Kwa wa Liwale au ndani ya Nanyumbu, safiri siku moja kabla, hasa kipindi cha mvua. Lala. Kula chakula ulichokizoea, kunywa maji ya kutosha, ila usiyabugie ili kuongeza uzito. Beba vyeti halisi na nakala, miwani kama unavaa, karatasi za upasuaji au matibabu, na nguo safi ya ndani kwa sababu utavua. Nywele fupi, kucha fupi.

Ukirudishwa kwa sababu ya afya, uliza kwa adabu: "Afande, naomba kufahamu nimekwama kipimo gani?" Andika jibu, lipeleke hospitali ndani ya mwezi huo. Kama ni ngiri, damu au kichocho, una muda wa kutibiwa kabla ya tangazo lingine, almradi umri unaruhusu.

Ukipita, mafunzo ya awali ni Shule ya Polisi Moshi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mtwara, na Juni na Julai kule baridi ni kali kwa mtu wa Pwani. Weka sweta kwenye begi, chanjo ya pepopunda ikiwa imekamilika, na nakala za majibu yako yote ya hospitali ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji.